Mkubwa Naye Ni Mtoto

Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na ndugu zake wanaosoma shule ya msingi, saa ngumu kuliko zote ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Mama yuko jikoni, baba hajafika au ndiyo kwanza anavua viatu, wa darasa la sita ana hesabu za kukusanya kesho, wa darasa la tatu anatafuta kifutio. Yule mdogo kaamka usingizi wa mchana na nguvu mpya, anapita katikati yao wote: kavuta kitambaa cha meza, kapanda kochi, kachukua kalamu, kanyang'anywa, kajitupa chini analia. Hapo ndipo mtu mzima anaposema maneno yanayosikika karibu kila nyumba: "Mwachie bwana, wewe si mkubwa!"

Maneno hayo yanazima kilio kwa dakika chache, ila gharama yake ni kubwa. Mkubwa anajifunza kwamba haki yake inakwisha pale mdogo anapoanza kulia. Mdogo anajifunza kwamba kilio kinalipa. Na mzazi anajenga mazoea ya kumtumia mtoto mmoja kumtulizia mwingine. Msimamo wangu ni huu: utundu wa mtoto mdogo ni jambo la watu wazima kulipangia nafasi, muda na ulinzi. Ndugu zake wasaidie, lakini wasilipe.

Tuanze na mdogo mwenyewe, maana husingiziwa mengi. Utasikia ana makusudi, ana kiburi, kaharibiwa na bibi yake. Ukweli ni kwamba mwili wake unadai mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ajishughulishe kwa mwili dakika zisizopungua 180 kwa siku, zikiwa zimetawanyika mchana kutwa, na alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Dakika 180 ni saa tatu za kukimbia, kupanda, kubeba na kurusha. Asipozitumia nje asubuhi, atazitumia sebuleni jioni, juu ya madaftari ya dada yake. Kwa hiyo mzazi anayelalamika kwamba mtoto hatulii ajiulize kwanza: leo ametoka nje saa ngapi, na amekaa huko kwa muda gani?

Najua si kila mtu ana uwanja. Familia nyingi za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa zinaishi chumba na sebule, korido ni ya wapangaji wote, na nje ya geti ni bodaboda. Hata hapo njia zipo. Mkienda dukani, mwache atembee kwa miguu yake huku umemshika mkono, badala ya kumweka mgongoni. Mwendo wa dakika tano utakuwa wa ishirini, na hizo ishirini zimo ndani ya zile 180. Tandika mito chini apande na kushuka. Muingize kwenye kazi zako: akuletee kitunguu kimoja kimoja kutoka kwenye kikapu, atumbukize vibanio vya nguo kwenye kopo, afute kiti kwa kitambaa kibichi. Mtoto wa umri huu anataka kufanya kile anachokuona wewe unafanya, na mara nyingi sufuria tupu na mwiko vitamshughulisha kuliko mwanasesere wa bei. Kazi yako itachelewa kidogo. Jioni yako itakuwa nyepesi.

Anasingiziwa pia uchoyo. Mtoto wa miaka miwili hucheza kando ya wenzake zaidi kuliko kucheza nao, na kile alichokishika mkononi anakiona chake kabisa. Kugawana ni jambo linalokuja polepole, kwa miaka, si kwa kukemewa. Juu ya hayo, maneno yake bado ni machache. Ndiyo kwanza anaunganisha mawili mawili, "taka maji", "dada njoo". Anachokitaka ni kikubwa kuliko anachoweza kukisema, na pengo hilo ndilo linalomtupa chini akipiga miguu. Ukimpa jina la kile anachokisikia, "umekasirika, unataka kalamu", humalizi kilio papo hapo, lakini unampa maneno ambayo siku moja yatachukua nafasi ya kilio.

Sasa turudi kwa mkubwa, ambaye ndiye aliyenifanya niandike.

Mtoto wa darasa la tatu ana mali chache sana duniani. Ana begi, madaftari, kalamu mbili, labda mpira wa makaratasi aliousuka mwenyewe, labda picha aliyoichora akaipenda. Daftari likichanwa, kwake ni kazi ya wiki nzima, na kesho yake mwalimu atauliza. Mtu mzima anapocheka na kusema "ni mtoto tu huyo", mkubwa anasikia kwamba vitu vyake havina thamani. Kwa hiyo kila mtoto mkubwa nyumbani apewe mahali ambapo mdogo hafiki. Hakihitajiki chumba chake. Msumari mmoja ukutani wa kutundikia begi unatosha, au ubao wa rafu juu ya mlango, au boksi gumu juu ya kabati. Kisha iwekwe kanuni ambayo hata mgeni ataielewa: kilicho juu ni cha mkubwa na hakiguswi na mtu bila ruhusa yake, kilichoachwa chini, mdogo akikichukua hatuna kesi. Kanuni hii inamfundisha mkubwa kutunza vitu vyake, na inamwokoa mdogo na makosa asiyoyajua.

Kuwe na kitu kimoja nje ya vile vya shule ambacho mkubwa asilazimishwe kukigawa kabisa. Achague mwenyewe. Akijua kipo kimoja ambacho hakuna atakayemwambia "mwachie", utaona vingine anavitoa kwa hiari yake.

Na daftari likichanwa licha ya yote? Acha unachokifanya. Mpe pole mkubwa kabla hujamtazama mdogo. Kaeni pamoja mgundishe kurasa, na asubuhi mpe barua fupi ya mistari miwili kwa mwalimu, yenye jina lako na namba yako, kueleza kilichotokea. Mtoto aliyebeba barua ya mzazi anaingia darasani bila hofu ya fimbo au aibu. Hili ni jambo dogo sana kwa mzazi, na bado wengi hatulifanyi.

Jioni yenyewe inahitaji kupangwa upya, kwa sababu tumezoea kuruhusu mambo yote yakutane kwa wakati mmoja. Mdogo aogeshwe na kulishwa mapema, saa kumi na moja na nusu, hata kama chakula cha wengine hakijaiva. Mbakizie wali au viazi vya mchana, au muandalie uji wa lishe. Mtoto mwenye njaa na usingizi hasikii nasaha ya mtu. Wakubwa waandike kazi za shule ama mara tu wakishabadili sare na kula kidogo, mdogo akiwa nje na mtu mzima, ama baada ya mdogo kulala. Kitu kisichofanya kazi ni kuwaambia waandike huku mdogo akizunguka meza, halafu kuwalaumu kwa mwandiko mbaya. Mwenye mtoto wa darasa la saba alichukulie hili kwa uzito zaidi, maana mtihani hausubiri mdogo akue.

Usingizi wa mchana nao uangaliwe. Akilala hadi saa kumi na moja jioni, usishangae saa nne usiku bado yuko macho na nyumba nzima imechoka. Mlaze mapema baada ya chakula cha mchana, na mwamshe kwa upole mapema alasiri.

Kuna suala ambalo kwetu huwa gumu kusemwa, kwa sababu limo ndani ya mila tunayojivunia. Watoto wetu hulea wadogo zao. Ni jambo zuri. Dada anayembembeleza mdogo wake anajifunza huruma ambayo hakuna somo darasani litakalompa, na mdogo anapata mtu wa kumuiga. Tatizo linaanza pale msaada unapogeuka kuwa ajira. Binti wa miaka kumi anarudi shule saa nane, anakabidhiwa mtoto mgongoni, anashinda naye hadi usiku, wakati kaka yake wa miaka kumi na miwili yuko uwanjani. Wenzake wanacheza rede, yeye yuko pembeni anatazama. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu umri wa awali kuwa ni kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane. Maana yake, huyo wa darasa la kwanza au la pili unayemwita mkubwa bado yumo kwenye umri uleule wa malezi ya awali pamoja na mdogo wake.

Ushauri wangu: msaada wa mkubwa uwe na mwanzo na mwisho. "Kaa naye mkekani hapa mpaka nimalize kukaanga" ni agizo la haki. "Mwangalie mdogo wako" bila kusema mpaka lini, si la haki. Uwe wa zamu, kaka kwa dada. Na mtu mzima awe karibu, wa kusikia akiitwa. Kumnawisha mdogo mikono, kumvalisha viatu, kumsimulia hadithi, kumchezesha ukuti ukuti uani, hizo ni kazi za mtoto mwenzake. Kumwogesha kwenye beseni, kumvusha barabara, kukaa naye karibu na jiko linalowaka, hizo ni za mtu mzima peke yake.

Hapo kwenye hatari nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndugu wakubwa wanapobebeshwa lawama zisizo zao. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuwa mlinzi. Anaweza kusahau kwa sekunde thelathini, na sekunde hizo zinatosha. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo yenye maji akatumbukia, hana nguvu ya kujiinua, na maji ya kina cha vidole vichache yanaweza kumuua. Ndoo, pipa na diaba vifunikwe kwa kifuniko kizito asichoweza kukifunua, au vimwagwe. Jiko la mkaa liwekwe nyuma ya kizuizi au juu ya kitu kisichoyumba, mikono ya sufuria ielekee ukutani, na chupa ya chai isikae juu ya meza yenye kitambaa kinachoning'inia. Mafuta ya taa yasihifadhiwe kabisa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, wala dawa ya kung'arishia nguo. Mtoto akiyanywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali haraka ukiwa na ile chupa. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mjamzito kliniki vinafanana na pipi, na vikimezwa vingi na mtoto mdogo vinaweza kumuua. Viwekwe juu, vifungiwe.

Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi kisha mwende hospitali.

Halafu kuna vitu vinavyotoka mifukoni mwa wakubwa wenyewe: karanga, bisi, pipi ngumu, shanga, sarafu, vipande vya kifutio. Hivi humkaba mdogo. Vibaya zaidi ni betri ndogo za duara, zile za saa, za vidude vya kuimba na za baadhi ya rimoti. Ikikwama kooni, betri hiyo huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akihisiwa kameza, usisubiri kuona kama ataitoa chooni. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Wakubwa waelezwe haya yote kwa sababu zake, kwa lugha wanayoielewa, na waelezwe kama watu wanaoaminiwa. Mtoto wa miaka minane anayejua kwa nini karanga ni hatari ataacha kumpa mdogo wake. Aliyeambiwa tu "usimpe" atampa akiombwa kwa kilio. Lakini ikitokea ajali, aliyekuwa na jukumu ni mtu mzima. Asiambiwe kamwe mtoto kwamba yeye ndiye aliyesababisha mdogo wake kuungua. Maneno hayo mtu huyabeba hadi uzeeni.

Kuhusu ugomvi, mengi yanaisha mkiacha kuuliza "nani kaanza?" Swali hilo halijibiki kwa mtoto asiyejua kuongea, na mara nyingi jibu linaangukia kwa mkubwa. Mdogo akimng'ata dada yake, nenda kwa aliyeumizwa kwanza. Mshike, mwangalie jeraha, mpe pole. Kisha shuka hadi usawa wa macho ya mdogo, mwambie kwa sauti ya chini na maneno machache: "Hapana. Kung'ata kunauma." Msogeze pembeni ya alichokuwa anakigombea. Usimng'ate naye ili ajue uchungu, kama baadhi yetu tulivyofanyiwa. Atakachojifunza ni kwamba mwenye nguvu anaruhusiwa kung'ata. Mkubwa akimsukuma au kumpiga mdogo, naye akatazwe waziwazi, lakini ruhusu aseme hasira yake. "Najua amekuudhi, amekuvunjia nyumba yako. Kumpiga hapana. Ukiona anakuja, niite." Ukimwambia akuite, ujue umejifunga kuitika.

Simu nitaipitia haraka. Ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki kabisa mtoto wa mwaka mmoja akae mbele ya kioo cha simu au televisheni, na kwa wa miaka miwili muda huo usizidi saa moja kwa siku. Mzazi anayempa mdogo simu ili anyamaze ajue pia kwamba wakubwa wanaona, na watadai zamu yao.

Kwa nyumba zenye bibi, shangazi au dada wa kazi, watu wazima wote wakubaliane kanuni zilezile, usiku watoto wakishalala. Bibi anaposema "mpe tu anyamaze, mjukuu wangu", hasemi kwa ubaya. Asisahihishwe mbele ya wajukuu. Mfuate pembeni kwa adabu: "Mama, tunaomba utusaidie. Tumepanga begi la mjukuu wako lisishushwe, hata mdogo akililia." Bibi wengi wakiombwa msaada wanakuwa walinzi wakali wa kanuni hiyo kuliko wazazi. Dada wa kazi naye apewe mamlaka ya kusema hapana, na mzazi akirudi jioni asiivunje hapana yake.

Na baba, saa ile ya jioni inakuhitaji wewe. Nusu saa ya kumtoa mdogo nje baada ya kufika, kabla ya taarifa ya habari, inambadilishia mkubwa jioni yote na kumpa mama mikono miwili. Kwa wengi wetu hakuna mpango wa malezi unaozaa matunda haraka kuliko huo.

Mkubwa naye anahitaji muda wa peke yake na mzazi, mdogo asiwepo. Si lazima uwe mwingi. Jumamosi nenda naye sokoni, yeye peke yake, umwache achague nyanya na kuuliza bei. Kaa kitandani kwake dakika kumi kabla hajalala, mzungumze mambo ya shule. Muda huo uwe na siku yake inayojulikana, ili aweze kuungojea. Mtoto mwenye siku yake huacha kupigania kila dakika. Kama ameanza tena kukojoa kitandani, au anaongea kama mtoto mchanga, au amekuwa mkimya kupita kawaida tangu mdogo alipozaliwa au alipoanza kutembea, usimcheke. Anauliza kama bado ana nafasi.

Utundu wa kawaida hauhitaji dawa, lakini yako mambo ya kumweleza muuguzi kliniki: mtoto hajatembea kufikia miezi 18, hageuki akiitwa jina, haunganishi maneno mawili kufikia miaka miwili, au alikuwa na maneno na sasa yamepotea. Siku ya chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo nchini Tanzania hutolewa mtoto akitimiza miezi 18, ni siku nzuri ya kuuliza yote haya. Nenda na kadi.

Mzazi mwenzangu, leo usiku mdogo akishalala, mwite mkubwa, kaa naye, muulize swali moja: ni kitu gani mdogo wako akikichukua unaumia kuliko vyote? Msikilize mpaka amalize, usimtetee mdogo. Kisha kitafutieni kitu hicho mahali pake, leo hii, kabla naye hajaenda kulala.